Maswali ya Wasomaji: Kutoka Maabara hadi Ukansela

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu Angela Merkel, mtafiti wa Ujerumani Mashariki aliyekuja kuiongoza Ujerumani nzima kwa miaka 16. Nyingine zimetoka kwa watafiti ambao siasa imeanza kuwaita na wanataka kujua wajipange vipi. Tunaanza na Merkel.

SWALI: Kuna wanaomwita Merkel mwanafizikia na kuna wanaomwita mkemia. Ni yupi kati ya hao? Na alikuwa akitafiti nini hasa?
(Mwalimu wa sekondari)

JIBU: Yote mawili ni kweli, Mwalimu. Alisoma fizikia Chuo Kikuu cha Leipzig kuanzia 1973 hadi 1978. Kisha aliajiriwa na Chuo cha Sayansi cha Ujerumani Mashariki, Berlin, katika taasisi ya kemia ya kifizikia, na tasnifu ya uzamivu aliyoikabidhi Januari 1986 ni ya kemia ya kwanta.

Asidhani mtu kwamba alikuwa akishinda kwenye chupa na mivuke. Kazi yake ilikuwa kukokotoa. Alitaka kujua, molekuli ikipashwa joto kali hadi kifungo kimoja kati ya atomi zake kikakatika, inakatika kwa kasi gani? Tuchukue methani kwa mfano, ambayo ni kaboni moja iliyoshikwa na haidrojeni nne. Ikipoteza haidrojeni moja, hubaki kipande kinachotafuta cha kushikana nacho. Kulipima tukio hilo moja kwa moja ni kazi ngumu, kwa hiyo mtafiti wa nadharia huanza kwa kukokotoa nishati inayohitajika kukata kifungo, kisha huhesabu namna nishati inavyoweza kugawanyika ndani ya molekuli, na mwisho hutoka na namba moja tu, namba ya kasi.

Tuseme namba hiyo ni 0.01 kwa sekunde. Maana yake kila sekunde huvunjika takriban asilimia 1 ya molekuli zilizobaki. Zingatia hapo: asilimia 1 ya zilizobaki, wala si ya zile za mwanzo. Nusu nzima huisha kwa sekunde 69, nusu ya iliyobaki kwa sekunde 69 nyingine, na kuendelea hivyo. Tunaomba hesabu hii uiweke akilini, maana huko chini itarudi ikiwa imegeuzwa.

Jambo moja dogo linaloonyesha mazingira aliyofanyia kazi: mtahiniwa wa uzamivu Ujerumani Mashariki alitakiwa pia kuwasilisha insha ya itikadi ya Ki-Marx na Ki-Lenin. Ya Merkel ilipata alama ya kuponea, wakati tasnifu yenyewe ilipata alama ya juu.

SWALI: Mtu wa fomula alipataje uwaziri haraka vile? Hakukuwa na mkono wa mtu?
(Mwanafunzi wa sayansi ya siasa)

JIBU: Mkono ulikuwepo, wa Helmut Kohl, kansela (mkuu wa serikali) wa wakati ule. Lakini ulimkuta mahali ambapo alikwisha kufika kwa miguu yake.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Merkel alikuwa na miaka 35. Mwezi uliofuata alijiunga na Demokratischer Aufbruch, chama kidogo kilichokuwa na miezi michache tu tangu kianzishwe. Ofisini kulikuwa na kompyuta zilizoletwa kutoka Magharibi, bado ziko kwenye maboksi, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuzifungua na kuziunganisha. Februari 1990 akawa msemaji wa chama. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 18 Machi, mwenyekiti wa chama alifichuliwa kuwa mpashaji habari wa Stasi, idara ya usalama ya serikali. Aliyekuwa akikabiliana na waandishi wa habari siku hizo ni Merkel. Chama kiliambulia asilimia 0.9 ya kura.

Kwa kawaida hapo ndipo safari ya mtu huishia. Kilichomwokoa ni muungano: chama chake kilikuwa kimeingia uchaguzini pamoja na CDU, chama kikubwa cha kihafidhina, na CDU ikashinda. Lothar de Maizière, waziri mkuu wa mwisho wa Ujerumani Mashariki, alimteua Aprili kuwa naibu msemaji wa serikali. Kwa hiyo wakati mkataba wa kuziunganisha Ujerumani mbili ukijadiliwa, yeye alikuwa ndani ya chumba au mlango wa pili. Agosti chama chake kilimezwa na CDU. Tarehe 2 Desemba 1990 alichaguliwa mbunge wa jimbo linalojumuisha Stralsund na kisiwa cha Rügen kwa asilimia 48.5. Januari 1991 Kohl alimpa Wizara ya Wanawake na Vijana.

Kutoka kadi ya chama hadi uwaziri ilikuwa miezi 13. Kohl alihitaji baraza lenye sura za Mashariki na lenye wanawake, na alihitaji watu wasio na faili la ushirika na Stasi. Sayansi ilimsaidia kwa namna isiyo ya moja kwa moja: maabara ya hesabu ilikuwa mojawapo ya sehemu chache ambako mtu angeweza kufanya kazi ya kichwa bila kulisifu dola kila asubuhi, hivyo alitoka humo bila madoa makubwa.

Ila wanaotamani kumwiga huitazama ile miezi 13 na kuisahau miaka 14 iliyofuata. Alikaa Wizara ya Mazingira kuanzia 1994 hadi 1998, na mwaka 1995 aliongoza mkutano wa kwanza wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi, uliofanyika Berlin na kuweka msingi wa Itifaki ya Kyoto ya 1997. Mwaka 1998 akawa katibu mkuu wa CDU. Desemba 1999, chama kikiwa kimetikiswa na kashfa ya michango ya siri, aliandika makala gazetini akikitaka chama kijifunze kutembea bila Kohl, mlezi wake mwenyewe wa kisiasa. Aprili 2000 akachaguliwa mwenyekiti. Mwaka 2002 alimpisha Edmund Stoiber, kiongozi wa jimbo la Bavaria, agombee ukansela, Stoiber akashindwa. Ukansela wenyewe aliupata tarehe 22 Novemba 2005, kwa kura 397 za siri bungeni, ingawa vyama vya muungano wake vilikuwa na viti 448. Yaani hata siku ya ushindi, zaidi ya wabunge 50 wa upande wake hawakumpa kura.

SWALI: Je, usomi wake wa sayansi ulionekana kweli katika uongozi, au ni sifa za magazeti tu?
(Muuguzi)

JIBU: Ulionekana wazi kabisa wakati wa korona, na udhaifu wake ulionekana papo hapo pia.

Tarehe 15 Aprili 2020, mbele ya waandishi wa habari, alieleza namba ya maambukizi, yaani mgonjwa mmoja kwa wastani anaambukiza wangapi. Wakati ule ilikuwa karibu 1. Akasema ikipanda hadi 1.1, hospitali zitafika ukomo wa vitanda mwezi Oktoba. Ikiwa 1.2, zitafika Julai. Ikiwa 1.3, Juni. Na hiyo 1.2 aliifafanua kwa watu watano: wanne wanaambukiza mmoja mmoja, wa tano anaambukiza wawili. Jaribu mwenyewe kwa kalamu. Anza na wagonjwa 1,000, uzidishe mara kumi mfululizo, kila zidisho likiwa kizazi kimoja cha maambukizi. Kwa 1.1 utapata takriban 2,590. Kwa 1.2 utapata 6,190. Kwa 1.3 ni 13,790. Tofauti inayoonekana ndogo mwanzoni imekuwa zaidi ya mara tano mwishoni.

Hii ndiyo hesabu ya tasnifu yake ikiwa imegeuzwa. Kule, kiasi hupungua kwa sehemu ya kile kilichobaki. Huku, huongezeka kwa sehemu ya kile kilichopo. Mtu aliyeishi na hesabu hiyo miaka kumi haoni mstari ulionyooka pale ambapo wengine wanauona.

Mwishoni mwa Septemba 2020 alirudia. Maambukizi mapya kwa siku yalikuwa 300 mwishoni mwa Juni, 600 mwishoni mwa Julai, 1,200 mwishoni mwa Agosti, 2,400 mwishoni mwa Septemba. Yakiendelea kujirudufu kila mwezi, alisema, kufikia Krismasi yatakuwa 19,200 kwa siku. Wapo waliomwona anatisha watu. Kilichotokea ni kwamba tarehe 8 Oktoba visa vipya vilizidi 4,000, na tarehe 5 Novemba vilikuwa karibu 20,000. Makadirio yake yalikosea kwa kuwa ya upole. Alidhani kurudufu kungechukua mwezi, kumbe baridi ilipoingia na watu wakajifungia ndani, kulichukua siku 12 hivi.

Kwa anayetaka kupima mwenyewe, gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la kila siku, upate idadi ya siku za kurudufu. Ongezeko la asilimia 2.3 kwa siku linarudufisha kwa mwezi mmoja. Asilimia 5.8 linarudufisha kwa siku 12. Kanuni hii inatosha kwa magonjwa, madeni na idadi ya watu, mradi kiwango hakibadiliki njiani. Kikibadilika, kama kilivyobadilika Oktoba ile, lazima uanze upya kila wiki.

Sasa udhaifu. Kwa katiba ya Ujerumani, hatua za kuzuia maambukizi zilitekelezwa na majimbo 16, siyo na kansela. Oktoba aliwabana viongozi wa majimbo wachukue hatua kali, hawakukubali, na vizuizi vya taifa vilianza tarehe 2 Novemba, wakati visa 20,000 kwa siku vinabisha hodi. Kuijua namba hakukumpa mamlaka ya kuitumia. Na Machi 2021, baada ya kikao cha usiku kucha, walitangaza mapumziko marefu ya Pasaka, likagundulika haraka kwamba hayatekelezeki kisheria wala kiutawala kwa muda uliobaki. Siku moja baadaye aliyafuta na kusema kosa ni lake peke yake. Hapo hesabu ilikuwa sawa. Kilichoharibika ni mambo ya kawaida kabisa: uchovu, haraka, na hakuna aliyemuuliza mwanasheria wala mwenye kiwanda mapema.

SWALI: Kama ni mwanafizikia, kwa nini alifunga vinu vya nyuklia? Alikuwa hajui hatari yake kabla ya Fukushima?
(Fundi umeme mstaafu)

JIBU: Alijua. Swali lako, Mzee wetu, ndilo linalogawanya watu mpaka leo, na tunaona lina haki ya jibu refu kidogo.

Vuli ya 2010 serikali yake iliongeza muda wa vinu: miaka 8 kwa vile vya zamani, 14 kwa vipya zaidi, wastani wa 12. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami ilikipiga kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani. Siku tatu baadaye alisitisha nyongeza hiyo kwa miezi mitatu, na kesho yake akatangaza kwamba vinu saba vya zamani vizimwe. Tarehe 30 Juni bunge lilipitisha vyote vifungwe kufikia mwisho wa 2022. Vitatu vya mwisho vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023, yeye akiwa keshaondoka.

Fizikia ya kinu cha Ujerumani haikubadilika Machi ile. Kilichobadilika, kwa maelezo yake bungeni Juni 2011, ni namna alivyoikubali hatari iliyosalia, yaani ile ajali ambayo hesabu inasema iko mbali sana. Japani, nchi yenye ufundi wa hali ya juu, ilikuwa imeikubali hatari ya namna hiyo na ikaipata. Sayansi inaweza kukupa uwezekano wa ajali. Haiwezi kukuambia ni uwezekano wa kiasi gani wewe na wenzako mko tayari kuishi nao. Hilo ni la siasa, na aliliamua kisiasa, tena uchaguzi wa jimbo la Baden-Württemberg ukiwa wiki mbili mbele yake.

Tunavyoona sisi, kosa liko kwenye utaratibu zaidi kuliko kwenye uamuzi wenyewe. Vinu vilizimwa kwa amri ya haraka, na kwa kituo cha Biblis mahakama ya jimbo la Hesse ilisema mwaka 2013 kwamba amri haikuwa halali, mojawapo ya sababu ikiwa kampuni haikusikilizwa kwanza. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kampuni zilistahili fidia kwa sehemu. Mwaka 2021 serikali ilikubali kulipa kampuni nne takriban euro bilioni 2.4. Barua ya kurasa mbili na siku chache za kusikiliza upande wa pili zingeondoa sehemu ya mzozo huo.

SWALI: Mimi ni mhadhiri wa biolojia. Nimeombwa kugombea ubunge. Nipange nini kabla ya kuaga chuo?
(Mhadhiri)

JIBU: Kabla ya lolote, Daktari, tazama kilichompata Wangari Maathai. Huyu alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuupata, akafika kuongoza idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee uchaguzi mdogo wa ubunge. Akaenguliwa kwa sababu za uandikishaji wa wapiga kura, jambo la karatasi tu. Alipotaka kurudi kazini, chuo kilikataa, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Ubunge aliupata miaka 20 baadaye, Desemba 2002, jimbo la Tetu, kwa takriban asilimia 98 ya kura.

Kwa hiyo anza na daftari la wapiga kura. Hakiki jina lako, namba na kituo, upate uthibitisho wa maandishi, miezi kadhaa kabla. Pili, soma sheria ya uchaguzi na mkataba wako wa kazi kwa pamoja: je, mtumishi wa umma anatakiwa ajiuzulu au achukue likizo bila malipo, na kabla ya tarehe ipi? Kuna mahali ambapo kujiuzulu siku moja baada ya muda kunafuta ugombea. Kama likizo inaruhusiwa, itake kwa barua yenye tarehe ya kurudi, na isainiwe na mwenye mamlaka ya kuajiri. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara haina nguvu akishabadilishwa.

Halafu watu wako. Mwanafunzi wa uzamivu anayekutegemea hawezi kusubiri matokeo ya uchaguzi. Mtafutie msimamizi mwenza sasa, mkae wote watatu, mgawane sura zilizobaki. Ruzuku ya utafiti iliyo kwa jina lako inahitaji kibali cha mfadhili ili ihamie kwa mwingine, na kibali hicho huchukua muda. Data, madaftari ya maabara na vielelezo vikabidhiwe kwa orodha. Hataza na kazi za ushauri ziandike zote kwenye karatasi moja: kesho ukiwa kwenye kamati ya afya au kilimo, mtu atauliza, na ni heri jibu liwe limekwisha andikwa na wewe.

Kipato nacho si cha kudharau. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, aliyemaliza kemia Oxford mwaka 1947 chini ya mkemia Dorothy Hodgkin na kufanya kazi kiwanda cha plastiki kisha kampuni ya vyakula, alishindwa jimbo la Dartford mwaka 1950 na tena 1951. Baada ya hapo alisomea sheria akawa wakili. Bunge aliingia 1959. Miaka tisa baina ya jaribio la kwanza na ushindi inahitaji kazi inayokuruhusu kuondoka mchana, na maabara mara nyingi haikuruhusu.

Na kuhusu kuzungumza: makala ya kisayansi huanza na mbinu, hufuata matokeo, na hitimisho huja mwisho likiwa limezungushiwa tahadhari. Jukwaani geuza. Sema kwanza unataka kifanyike nini, kisha sababu moja yenye namba moja, kisha useme ni nini kingekufanya ubadili mawazo. Usiache hiyo ya tatu ukidhani inakupunguzia kura. Ukisema tu "inawezekana", nusu ya wasikilizaji watasikia ahadi, nusu watasikia kukana, na wote watakudai.

SWALI: Tasnifu ya mwanasiasa inaweza kumletea matatizo baadaye?
(Mwanafunzi wa uzamivu)

JIBU: Ndiyo. Karl-Theodor zu Guttenberg aliacha uwaziri wa ulinzi wa Ujerumani Machi 2011 baada ya kubainika kwamba tasnifu yake ya sheria ilinakili kazi za wengine. Februari 2013 Annette Schavan, waziri wa elimu na utafiti, alijiuzulu siku chache baada ya chuo kumvua uzamivu. Wote walikuwa mawaziri wa Merkel. Pitia nukuu zako sasa, ungali na madaftari ya kuzithibitishia.

SWALI: Siasa ikimchosha, mwanasayansi anaweza kurudi maabara?
(Mhandisi wa maji)

JIBU: Baada ya muhula mmoja, ndiyo, kwa tabu. Claudia Sheinbaum, mwenye uzamivu wa uhandisi wa nishati kutoka chuo kikuu cha taifa cha Mexico, UNAM, alikuwa katibu wa mazingira wa jiji la Mexico kuanzia 2000 hadi 2006, akarudi kwenye utafiti na kushiriki ripoti za jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa, kisha akaingia tena siasa hadi kuapishwa rais tarehe 1 Oktoba 2024. Fani yake ya matumizi ya nishati iko karibu na sera, kwa hiyo miaka ile sita haikumtupa mbali.

Kemia ya kukokotoa haisubiri hivyo. Mwaka 1998, Merkel akishika ukatibu mkuu wa CDU, Tuzo ya Nobeli ya kemia ilikwenda kwa Walter Kohn na John Pople kwa mbinu za kukokotoa molekuli kwa kompyuta, mbinu zilizokuwa zimeshaanza kubadilisha kila dawati la fani aliyoiacha. Alipokabidhi ofisi tarehe 8 Desemba 2021 alikuwa na miaka 67, na taasisi aliyoandikia tasnifu ilikuwa imevunjwa pamoja na Chuo cha Sayansi cha Ujerumani Mashariki miaka 30 nyuma.